Upinde wa Mashoto

Upinde ule haukutengenezwa kwa ajili yangu. Ulitengenezwa kwa ajili ya jirani yangu wa Doonside, hapa Sydney, mzee wa Kiaustralia, zamani alipokuwa kijana anayekwenda bara kuwinda nguruwe na mbuzi mwitu. Fundi alimpima kwanza, kama fundi cherehani anavyompima bwana harusi: urefu wa mkono, upana wa kiganja, nguvu ya bega. Halafu akauunda wa mkono wa kushoto, maana mzee yule alikuwa mashoto. Mtu wa mkono wa kulia akiushika, kishikio kinamgomea. Kidole gumba hakipati pa kukaa, na mshale unakosa pa kuegemea.

Mimi pia ni mashoto, ila kwetu Tanga neno hilo halikuwa sifa. Bibi yangu alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa kila tulipokaa kula, na mwalimu wa chuo cha Kurani akamalizia kazi kwa fimbo ya henzerani. Walifaulu. Nakula kwa mkono wa kulia, naandika kwa mkono wa kulia, napokea na kutoa kwa mkono wa kulia, wala sina kinyongo nao. Adabu ni adabu. Lakini nyundo, kisu na jiwe la kufukuzia kunguru vilibaki upande wao wa asili, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake mpaka nilipokuwa Sydney, mtu mzima mwenye mvi.

Ilikuwa siku ya upepo na ua wetu wa mbao ulikuwa umelala chini. Nikawa napigilia misumari. Mzee akatokea upande wake, akasimama kunitazama. Hakusalimia. Watu wa hapa wana kusalimia kwao kwa haraka haraka, lakini yeye hata huko hakuwa nako.

"Wewe ni mashoto," akasema, kama anayenishtaki.

Nikamwambia ndiyo. Akaingia ndani, nikadhani ameudhika na kelele zangu. Akarudi na mfuko mrefu wa kitambaa, akaufungua polepole, akanipitishia upinde juu ya ua uliolala. Mimi bado nina misumari mdomoni.

Niseme ukweli, sikujua kwamba kitu cha kuulia kinaweza kuwa kizuri namna ile. Mbao nyembamba zilikuwa zimegandishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, nyeupe kwa nyekundu iliyoiva kama mninga, na juu yake faiba laini inayoteleza chini ya kidole. Mabawa yake mawili yalikwenda kwa ulaini kutoka kwenye kishikio, kisha ncha zikajikunja kuelekea mbele, zikimpa kisogo mwenye kuushika. Kwenye bawa la chini fundi alikuwa ameandika kwa wino mweupe, kwa mwandiko wa mkono, jina la mzee, urefu wa upinde na uzito wa kuuvuta, pauni arobaini na tano. Usione vyaelea, vimeundwa. Fundi mwenyewe, mzee aliniambia, alikuwa ameshakufa siku nyingi, na pinde zake zilizobaki zinatafutwa na watu wenye pesa zao.

Bega la mzee lilikuwa limekwisha. Hakuweza tena kuvuta hata robo. Ana mtoto mmoja wa kiume, anaishi Perth, upande wa pili wa nchi, na mtoto huyo ni wa mkono wa kulia. "Upinde usiovutwa unakufa," mzee akaniambia. Basi ikawa hivyo: yeye anakaa kwenye kiti cha plastiki na kikombe chake cha chai, mimi navuta, yeye ananikosoa. Kiwiko juu. Usipumue kwa kelele. Usilenge kwa jicho moja, wewe si rubani. Alikuwa na mdomo mchafu na hakuwa na subira, na nilimpenda. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Nimefanya kazi katika nchi hii miaka mingi, nimeombwa mgongo wangu na nimeombwa usiku wangu. Mkono wangu wa kushoto aliuomba yeye peke yake.

Jumapili tulikuwa tunakwenda kwenye klabu moja ya pinde huko msituni, ambako wameweka wanyama wa mpira kati ya mikaratusi, nguruwe, mbuzi, kangaruu, nawe unapita njiani unawafuma mmoja mmoja. Siku ya kwanza nilipomchoma nguruwe wa mpira, mke wangu aliniuliza kama ule mshale unahitaji kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama dini yetu inavyotaka kwa kilichogusa nguruwe. Nikamtafsiria mzee. Alicheka hadi akakohoa. Tangu hapo kila nikimpiga nguruwe alikuwa anasema, "Mara saba!" na watu wa klabu wanatutazama bila kuelewa.

Kila nilipoachia ugwe, upinde ule haukupiga kofi kama pinde za dukani. Ulitoa sauti moja fupi, ya chini, kama mlango mzito uliofungwa kwa adabu. Mzee alikuwa akifumba macho kuisikiliza.

Mwanzoni mwa mwaka ule wa maradhi ya korona alianguka bafuni akavunjika nyonga. Kutoka hospitali hakurudi nyumbani, alipelekwa kwenye makao ya wazee. Nilikwenda kumwona kabla milango haijafungwa. Akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Kaa nao mpaka nitoke."

Hakusema "chukua". Angesema chukua, ungekuwa wangu, ningeweza hata kuuvunja nikipenda. Alisema kaa nao, na kwetu sisi jambo hilo lina jina lake, ni amana, na mwenye amana ya mtu hana raha mpaka airudishe. Tulijua wote wawili kwamba hatatoka. Hilo halikupunguza uzito.

Nikautunza alivyonifundisha. Nikimaliza kupiga naufungua ugwe, upinde ukapumzika. Sikuufunga ugwe kwa kuukanyagia upinde mguu kama wajinga wanavyofanya mpaka bawa likapinda, nilitumia kamba yake maalumu ya kuukunjia. Sikuuacha ndani ya gari siku za joto, maana gari la Sydney mwezi wa Januari ni tanuri. Sikuusimamisha kwenye kona. Niliutundika kwa ubavu juu ya vigingi viwili vya mbao, katika chumba kidogo cha nyuma kisichopigwa na jua, chumba baridi kuliko vyote ndani ya nyumba.

Makao yalipofungiwa wageni, tukabaki na simu. Kila Jumamosi mchana alikuwa ananipigia kwa msaada wa mhudumu mmoja wa pale, dada wa Kikenya, ambaye siku ya kwanza aliposikia jina langu alinigeuzia Kiswahili papo hapo.

"Kaka, habari za huko? Mzee wako ako tayari, amekaa kwa window. Ngoja niweke speaker."

"Njema, dada. Poleni na kazi."

"Tushapoa. Leo tuko short staff, lakini hii simu yake siwezi skip, ata-refuse lunch."

Mzee alikuwa anasema neno moja tu, "Haya." Mimi naweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwenye uchochoro wa pembeni mwa nyumba, hatua chache kutoka kwenye gunia nililolishindilia nguo kuukuu. Navuta, naachia. Halafu namngoja aseme. "Ugwe umelegea," angesema. "Usokote kidogo, urudie." Nami nausokota, narudia, na kweli sauti inakaa sawa. Kwa simu! Mimi niliyesimama hapo hapo sikuwa nimesikia tofauti yoyote. Baada ya mishale minne mitano anasema inatosha, anapumua kwa muda, halafu simu inakatwa. Dada Mkenya aliniambia kwamba hiyo ndiyo siku pekee ya wiki anayokula bila kubembelezwa. Familia yake ilikuwa mbali, mipaka ya majimbo imefungwa, marafiki zake wa kuwinda wameshatangulia. Alibakiwa na sauti ile.

Mwaka wa pili, majira ya baridi, mji ulifungwa tena, na safari hii walitubana sisi wa vitongoji vya magharibi kuliko wenzetu wa mitaa ya pwani. Usitoke zaidi ya kilomita tano. Usiku usionekane nje. Helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa yetu ikitangaza kwa kipaza sauti, na mimi niko uchochoroni nimevuta upinde, mtu mweusi, jina la Kiislamu, mshale mkononi. Nilikuwa nangoja ipite ndipo niachie. Ukitaka kujua wasiwasi ni nini, jaribu hilo.

Kazi yangu ni ya foklifti, kwenye ghala moja huko Ingleburn. Watu waliagiza vitu kuliko wakati wowote, na sisi tulipewa vibali vya kuvuka mipaka ili wao wakae majumbani. Ndiko nilikoyapata maradhi. Tulianza kuumwa mmoja mmoja, na zamu yangu ikafika.

Mke wangu akanitenga kwenye chumba kidogo cha nyuma. Ndicho kilichokuwa na mlango wa kufungika na kitanda kimoja. Siku ya tatu kifua kilibana, nikawa nahesabu pumzi. Simu ya msaada inaita bila kupokelewa, gari la wagonjwa linasema subiri, na kutoka Tanga ujumbe unakuja juu ya ujumbe: fulani amezikwa, fulani hajiwezi, na dawa ni moja tu, nyungu, kujifukiza mvuke wa majani. Mama mkwe aliituma sauti yake akieleza kila kitu, mpaka namna ya kukaa. Mfa maji haishi kutapatapa. Mke wangu alikuwa na mchaichai alionunua Bankstown kabla hatujafungiwa. Tangawizi ilikuwepo. Majani ya mlimau aliyachuma juu ya ua, kwenye mti wa mzee, maana nyumba yake ilikuwa tupu. Na mkaratusi, ambao kwetu mtu anautafuta, hapa unajiangukia wenyewe barabarani.

Alichemsha sufuria kubwa, akaileta ikifoka, akanifunika blanketi zito, mimi na sufuria humo ndani. Asubuhi, mchana na jioni. Kwa kuwa chumba kilikuwa baridi, akaleta hita ile ya mafuta yenye mbavu, akaisogeza ukutani karibu na kichwa changu, akaziba dirisha kwa foronya na upenyo wa mlango kwa taulo ili mvuke usipotee. Chumba kiligeuka hamamu. Rangi ya ukuta ilianza kuvimba. Aliniuguza kwa mikono yake bila kulala, amevaa barakoa mbili na macho mekundu, na kila akinifunika alikuwa anasoma dua.

Juu ya hita, juu yangu, ulikuwa upinde.

Nakumbuka jioni moja nilifunua blanketi nikautazama, nikaona unatoka jasho. Matone yamejipanga kwenye tumbo la bawa, moja linadondoka, jingine linajaza nafasi. Nikasema moyoni, homa imenipanda kichwani. Nikafumba macho.

Nilipoanza kusimama bila kushika ukuta, jambo la kwanza nililofanya ni kuuangua. Ulikuwa mwepesi na mkavu, unanukia tangawizi. Nikaufunga ugwe kwa kamba yake. Ulipojikunja nikasikia kitu kidogo sana, kama mtu anayepasua mbegu ya tikiti kwa meno. Nikaupeleka kwenye mwanga. Kwenye bawa la juu, kati ya mbao na faiba, kulikuwa na mstari mweupe ambao haukuwepo. Nikaingiza ukucha. Uliingia.

Nikaupiga picha, nikamtumia bwana mmoja wa klabu anayezijua pinde za zamani. Akajibu baadaye kidogo: "Pole sana, rafiki. Gundi imeachia. Huo sasa ni wa ukutani tu. Usiuvute, utakutoa jicho."

Nikaketi kitandani nikalia. Mke wangu alikuja mbio akidhani kifua kimenibana tena. Nilipomwonyesha, aliutazama upinde, akaitazama hita, na nikaona anaelewa.

"La kuvunda halina ubani," akasema. "Bwana wewe, ule ni mti. Wewe ni mtu. Bora uzima."

Nilitaka kumjibu vibaya na neno lilikuwa limefika ulimini. Lakini utamgombezaje mtu aliyekupa pumzi zako? Sijui kama ni nyungu iliyoniponya. Labda ningepona hata hivyo, labda sivyo. Yeye anaamini aliniokoa, na mimi sina ushahidi wa kumpinga. Mzee alinitahadharisha na gari, na jua, na kona, na mguu. Angejuaje habari za nyungu?

Jumamosi iliyofuata simu ililia. Dada Mkenya alifurahi kusikia niko hai, akasema mzee amekuwa hana raha majuma yote niliyokuwa kimya. Mzee akasema, "Haya."

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nikamweleza maradhi, chumba, mvuke, hita, mstari mweupe.

"Uliupika," akasema.

"Mzee, nilikuwa nakufa."

"Hukufa."

Simu ikakatwa, sijui ni yeye au dada. Nilibaki nimesimama uchochoroni na hasira zangu. Hukufa! Mtu niliyempigia mishale kwenye baridi na mvua, chini ya helikopta, hakuweza hata kusema pole. Nilimtukana kwa Kiswahili, peke yangu, matusi ambayo bibi yangu angeyasikia angeniosha mdomo kwa pilipili. Wiki nzima nilijipangia maneno. Angepiga, ningemwambia utu unatangulia vitu. Asingepiga, basi.

Alipiga. Saa ile ile. "Haya," akasema, kwa furaha.

"Haya nini?"

"Upinde, bwana. Nisikie."

Nikadhani ananidhihaki. Nikamwambia kwa ukali kwamba anajua vizuri upinde umeharibika, tulishasema. Nikasikia pumzi yake inabadilika. Halafu likaja neno, kama mara ya kwanza, kwa sauti ile ile ya mtu aliyepigwa sasa hivi: "Uliupika." Nami, kama mjinga, nikajibu tena kwamba nilikuwa nakufa, naye akasema tena hukufa. Dada akachukua simu, akasogea pembeni.

"Kaka, hakumbuki. Hii lockdown imemmaliza kichwa, siku hizi ni hivyo. Wiki yote amekuwa akilia, na nikimuuliza analia nini, hajui. Please usimwambie tena."

"Sasa nimwambie nini, dada? Kila akipiga anataka kuusikia."

"Sijui. Lakini ukimwambia, kila Jumamosi anafiwa upya."

Nikajaribu njia ya uongo. Binti zangu waliwahi kununuliwa upinde mwepesi wa plastiki, ulikuwa gereji umefunikwa na vumbi. Jumamosi iliyofuata niliutumia huo. Niliweka simu karibu kabisa, nikavuta, nikaachia. Ukapiga kofi lake.

"Huo wa watoto," mzee akasema hapo hapo. "Wangu uko wapi?"

Akili ilikuwa inamtoka kama maji kwenye kikapu, sikio limebaki zima. Nikasema nitamletea wiki ijayo. Akauliza kwa nini si leo. Nikasema mvua. Akasema hasikii mvua. Sauti yake ikaanza kupanda, kama ya mtu anayehisi anafichwa jambo kuhusu mtu wake, na mwisho akaniuliza wazi: umevunjika? Sikuweza kusema hapana. Nikamwambia. Ikawa kilio kile kile, tangu mwanzo.

Jumamosi ya nne niliamka na hasira. Nisijifanye mwema. Mtu atakuja kusema nilifanya kwa huruma, na huruma ilikuwepo, lakini nilikuwa nimechoka pia. Nilikuwa nimerudi kazini, nikipanda ngazi za foklifti natweta kama mzee, na moyoni nilikuwa namchukia mtu niliyempenda kwa sababu ya maneno mawili ambayo yeye mwenyewe hakumbuki ameyasema. Maneno hayakai kwake, nikawaza. Basi apewe kinachokaa, sauti.

Mke wangu alikuwa amelala baada ya adhuhuri. Nikavaa koti zito la kazini na miwani ya kinga tunayovaa ghalani. Nikaangua upinde kwenye vigingi. Nikaufunga ugwe, na mara hii ulilia wazi wazi, mstari mweupe ukafunguka kama mdomo kisha ukajifumba. Nikatoka nao nje. Simu ikalia.

"Leo ako na mood nzuri," dada akasema. "Kaka, umefikiria utamwambia nini?"

"Mwache asikilize."

"Haya," akasema mzee.

Nikaiweka simu juu ya ndoo. Nikapachika mshale. Nikasema Bismillahi, nikavuta kwa mkono wa kushoto, polepole, kama alivyonifundisha, kiwiko juu. Ulikuja. Nashangaa mpaka leo jinsi ulivyokuja kwa ulaini, bila kunung'unika, mpaka kidole changu kikagusa pembe ya mdomo. Kwa muda mfupi nilifikiri kwamba wote tumekosea na upinde ni mzima. Nikatamani niachie mshale uende. Upinde ukavunjika hapo, mkononi mwangu.

Sauti yake sitaieleza vizuri. Ilikuwa kavu, kubwa, ikarudi kutoka kwenye ukuta wa jirani, na mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka. Kipande cha bawa kilinipita sikioni, kingine kikanichana mdomo. Ugwe ulikuwa unaning'inia mkononi na mshale umeangukia miguuni pangu. Nilisimama nikionja damu.

Nikaiinamia simu juu ya ndoo.

"Huo ulikuwa wenyewe," mzee akasema. Haikuwa swali.

"Ndiyo."

"Bawa la juu."

"La juu."

Nilimsikia akivuta pumzi na kuitoa. Hakusema niliupika. "Umeumia?" akauliza.

"Hapana," nikasema, nikafuta mdomo kwa mkono wa koti.

"Vizuri," akasema. "Asante." Halafu nikasikia kitu kinaangushwa, na sauti ya dada ikaja juu, kwa wasiwasi, "Kaka, nini imefanyika huko? Hii ni nini nimesikia?" na mimi nikakata simu.

Niliviokota vipande vyote, nikaviweka kwenye mfuko wake wa kitambaa, nikaufunga. Mke wangu aliniosha mdomo kwa maji ya chumvi. Wiki ile nililala vibaya. Niliota nimerudisha amana na mwenyewe anakataa kuipokea.

Jumamosi iliyofuata nilikaa uchochoroni na simu mkononi, bila upinde. Ililia saa ile ile. Dada alinisalimia kwa sauti ya chini, akasema mzee amekuwa mtulivu wiki nzima, mtulivu kupita kiasi, na kwamba jana hakumtambua hata mtoto wake kwenye simu. Akaweka speaker.

Nikangoja aseme haya. Hakusema.

"Mzee," nikasema. "Ni mimi."

"Nani?"

"Jirani yako. Wa Doonside."

"Jirani yupi?"

Nikatafuta la kumkumbusha. Ua uliolala, misumari, nguruwe wa mpira, mara saba. Nikamtajia vyote kimoja kimoja na kila mara alisema hapana, kwa upole, kama anayeniomba radhi. Mwisho nikasema, "Mimi ndiye niliyekaa na upinde wako."

"Sina upinde," akasema. "Ulivunjika. Niliusikia."

Kisha akaniuliza, kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo siku zote nilizomjua, mimi ni nani na anaweza kunisaidia nini.